Bibi Bertha Benz na Safari ya Pforzheim

Mtu akaaye Bagamoyo, nayo si Bagamoyo ya pwani bali ile iliyo katika mji wa Tukuyu chini ya mlima Rungwe, huijua sauti ya gari kuukuu linalopanda kilima. Kwanza hunguruma kwa nguvu, kisha hukohoa mara mbili tatu, likapunguza mwendo, likakohoa tena, na mwisho likanyamaza kabisa. Dereva hushuka, utingo huweka jiwe nyuma ya gurudumu ili gari lisirudi bondeni, na boneti hufunguliwa. Dereva aliye stadi haanzi kugonga vyuma kwa nyundo. Hutazama kwanza kama mafuta yamo tangini; kisha huufungua mrija mwembamba uletao petroli, akaupuliza, akasikiliza kama pumzi inapita. Mara nyingi taka kidogo tu, kama punje ya mchanga au uzi wa kitambaa, ndiyo iliyolishinda gari zima pamoja na mzigo wake wa ndizi.

Kazi hiyo ya kutafuta mahali petroli ilipozibwa iliwahi kufanywa katika mwaka wa 1888, siku ambazo duniani kote hapakuwa na kituo cha petroli, wala karakana ya motokaa njiani, wala dereva mwenzi wa kuombwa msaada. Aliyeifanya alikuwa mwanamke wa Kijerumani, mama wa watoto wanne, na chombo chake kilikuwa pini ya kofia. Jina lake Bertha Benz.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, nchi ya Baden, upande wa kusini-magharibi wa Ujerumani. Mji huo ulisifiwa kwa wafua dhahabu wake, lakini baba yake, Karl Friedrich Ringer, alikuwa seremala na mjenzi aliyepata mali kwa kazi ya mikono yake. Ilikuwa desturi ya watu wa nchi ile kuandika siku za kuzaliwa kwa watoto katika Biblia ya nyumbani. Inasimuliwa kwamba Bertha, alipokuwa bado mtoto, aliifungua Biblia hiyo akayaona maneno yaliyoandikwa siku aliyozaliwa, ya kusikitika kwamba amezaliwa msichana tena. Neno hilo lilimchoma moyo. Hakulisahau hata alipokuwa mzee.

Hata hivyo baba hakumnyima mafundisho. Binti alipenda kujua jinsi vitu vinavyofanya kazi, naye mzee Ringer alikuwa radhi kumweleza. Bertha alipelekwa shule ya wasichana, akasoma kadiri wasichana wa siku zile walivyoruhusiwa kusoma. Vyuo vikuu vya nchi yake vilikuwa bado vimefungwa kwa wanawake.

Katika mwaka wa 1869, katika matembezi ya kwenda Maulbronn, penye nyumba ya kale ya watawa, alionana na kijana mmoja fundi aitwaye Carl Benz. Kijana huyo alikuwa maskini. Baba yake, aliyekuwa dereva wa gari moshi, alikufa Carl akiwa mtoto mdogo, na mama alimlea kwa taabu nyingi hata akamfikisha chuo cha ufundi cha Karlsruhe. Mali hakuwa nayo; alikuwa na wazo moja tu, nalo alilisema kwa kila aliyekubali kumsikiliza: kutengeneza gari litakalokwenda lenyewe barabarani, bila farasi na bila reli. Wengi walimcheka. Bertha hakucheka, bali alimwuliza habari zaidi.

Carl alifungua karakana katika mji wa Mannheim mwaka wa 1871, pamoja na mwenzake mmoja. Ushirika ule haukufaa, na kazi ilikuwa karibu kuanguka kabla haijasimama. Hapo Bertha alifanya jambo la ajabu kwa msichana ambaye hajaolewa. Ni lazima kueleza kwamba desturi ya mali ya ndoa katika nchi ile ilikuwa kinyume cha desturi ya Wanyakyusa. Rungwe, upande wa mwanamume hutoa ng'ombe kwa baba wa binti. Kule, baba wa binti ndiye aliyetoa mali aende nayo binti kwa mumewe. Bertha alimwomba baba yake ampe sehemu ya mali hiyo mapema, kabla ya arusi, na fedha zile zikatumika kumwondoa mshirika yule na kuiokoa karakana. Waliarusiwa tarehe 20 Julai 1872. Tangu siku ile sheria ya nchi ilimpa mume mamlaka juu ya mali ya mkewe, na jina la Bertha halikuandikwa katika mambo ya karakana, ingawa fedha zake zilikuwa ndani ya kila chuma kilichokuwamo.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya dhiki. Watoto walizaliwa: Eugen mwaka 1873, Richard mwaka 1874, kisha Clara mwaka 1877 na Thilde mwaka 1882, Ellen, kitinda mimba, alizaliwa baadaye sana, mwaka 1890. Madeni yaliwasonga. Carl alitumaini kwamba akiweza kuunda injini ndogo iendeshwayo kwa gesi, ataiuza kwa wenye viwanda na kulipa watu wote wanaomdai. Lakini injini ilikataa. Siku nyingi aliizungusha hata mikono ikachoka, nayo ikabaki kimya.

Jioni ya mwisho ya mwaka wa 1879, baada ya kula, Bertha alimshauri mumewe warudi karakanani wajaribu mara moja tena. Wakaenda wawili. Carl akaizungusha injini, nayo safari hii ikaitika, ikaanza kupiga sawasawa kama moyo, wala haikusimama. Walikaa wakiisikiliza muda mrefu, hata kengele za mji zikalia kuukaribisha mwaka mpya.

Basi kutoka injini ile wakapata nguvu ya kuendelea. Mwaka 1883 Carl alianzisha kampuni ya Benz & Cie. pamoja na wenzi wawili wapya, na injini za viwandani ziliuzwa vema. Faida ikampa nafasi ya kurudia wazo lake la zamani. Akaunda gari la magurudumu matatu, lenye viti kama vya gari la farasi na injini nyuma. Majaribio ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha, maana gari liligonga ukuta. Lakini tarehe 29 Januari 1886 aliomba hati ya serikali, iliyopewa namba 37435, ya kumtambua kuwa mwenye uvumbuzi huo, na katika Julai ya mwaka ule watu wa Mannheim waliiona motokaa ikipita barabarani kwao.

Waliiona, wakastaajabu, wakaenda zao. Hakuna aliyeinunua. Watu walisema kwamba ni kitu cha kuchezea, kwamba kitapasuka, kwamba farasi anatosha. Carl naye hakuwa mtu wa soko. Alikuwa fundi wa namna ile isiyoridhika: kila alipomaliza kitu alikiona kasoro, akakivunja akakiunda upya, akaogopa kukitoa mbele ya watu kabla hakijatimia. Mkewe alikuwa ameona kwa miaka kumi na sita jinsi fedha zinavyoingia katika karakana ile, naye aliijua hatari. Kitu kisichojaribiwa njiani hakitaaminiwa na mtu, na kitu kisichoaminiwa hakitanunuliwa. Gari lilikuwa limetembea mjini na pembeni mwa mji tu. Aliyetaka kujua kama litafika mbali alipaswa kwenda nalo mbali.

Mapema katika mwezi wa Agosti 1888, shule zilipokuwa zimefungwa, Bertha aliamka alfajiri na kuwaamsha wanawe wawili, Eugen mwenye umri wa miaka kumi na mitano na Richard mwenye miaka kumi na mitatu. Carl alikuwa amelala. Inasimuliwa katika jamaa yao kwamba walimwachia kikaratasi cha kumwarifu kuwa wamekwenda Pforzheim kumtazama bibi, lakini hawakueleza watasafiri kwa kitu gani. Wakaisukuma motokaa mbali kidogo ili mlio wake usimwamshe mwenyewe, kisha wakaizungusha, ikaitika, wakaondoka.

Kutoka Mannheim hata Pforzheim kwa njia waliyoifuata ni kilometa zaidi ya mia moja. Mwezi ule ule, huku Afrika, Kampani ya Kijerumani ilikuwa ikijitayarisha kuzitwaa forodha za pwani, Bagamoyo ikiwa mojawapo, na mizigo yote iliyofika bandarini kutoka bara ilifika vichwani na mabegani mwa watu. Kwenye milima ya Rungwe wamisionari wa Moravian walikuwa bado hawajafika. Walifika mwaka 1891. Lakini mtu asidhani kwamba Ujerumani ya siku zile ilikuwa na barabara za lami. Njia zilikuwa za udongo na kokoto, zenye mashimo yaliyochimbwa na magurudumu ya magari ya farasi, na vumbi lake lilikuwa vumbi kama la kiangazi cha mahali popote.

Ili kufahamu yaliyompata Bibi Bertha njiani, yafaa kujua jinsi motokaa ile ilivyokula na kunywa. Injini ya namna hii hutaka vitu vitatu: mvuke wa petroli, hewa, na cheche ya moto. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havisaidii kitu. Katika magari ya baadaye petroli ilinyunyizwa kwa tundu dogo sana, lakini mwaka 1888 kabureta ilikuwa chombo tu ambamo mafuta yalitulia kama maji katika sufuria. Hewa ilipita juu yake, ikachukua mvuke wake, kama upepo upitao juu ya nguo mbichi unavyochukua unyevu, kisha ikaingia katika injini pamoja na mvuke ule, na cheche ya umeme ikauwasha. Mafuta yote yaliyochukuliwa yalikuwa kama lita nne na nusu. Injini yenyewe ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani, hivi kwamba kila mara maji yalipungua. Kwa hiyo wasafiri walisimama kila penye kisima, kijito au nyumba ya wageni, wakateka maji na kuinywesha motokaa kama mtu anywesheavyo farasi.

Walipitia Heidelberg. Mafuta yakapungua. Walipofika mji mdogo wa Wiesloch ilikuwa lazima wapate mengine, au safari iishe hapo. Mafuta yaliyofaa yaliitwa ligroini, nayo ni mafuta mepesi sana, ndugu ya petroli. Siku zile hayakuuzwa kwa magari, kwa kuwa magari hayakuwako. Yaliuzwa katika maduka ya dawa, chupa ndogo ndogo, kwa wenye nyumba waliotaka kuondoa madoa katika nguo zao. Bibi Bertha alikuwa mwenye nyumba. Jambo hilo alilijua vizuri. Akaingia katika duka la dawa la mji, akanunua ligroini. Mwenye duka hakuweza kujua kwamba siku ile amekuwa mwuza petroli wa kwanza wa barabarani duniani. Mbele ya duka lile baadaye paliwekwa sanamu ya ukumbusho.

Lakini kuwa na mafuta si sawa na mafuta kufika injinini, na hili ndilo fumbo ambalo madereva wengi wamelitoa jasho. Njiani motokaa ilisimama, na sababu yake ilikuwa mfereji mwembamba wa mafuta uliozibwa na taka. Mafuta yalikuwamo, hayakupita. Wapita njia wangaliweza kutoa mashauri mengi, ila hakuna aliyewahi kuona chombo cha namna ile. Bibi Bertha aliijua njia ya mafuta, maana alikuwa amesimama karakanani usiku mwingi kando ya mumewe, naye aliweza kuifuata kwa akili yake kutoka mwanzo hata mwisho, akiuliza mahali gani panapita na mahali gani hapapiti. Wanawake wa siku zile walifunga kofia zao pana kwa pini ndefu, nyembamba na ngumu, iliyopita katika nywele. Akaichomoa pini yake, akaiingiza katika mfereji, akazibua taka. Mafuta yakapita, na injini ikawaka tena.

Baadaye motokaa iliharibika kwa namna nyingine: waya wa umeme ulichubuka ngozi yake, umeme ukavuja, cheche ikakosekana. Mafundi wa magari ya kale wana kanuni ya kupambanua makosa haya mawili. Mafuta yakikosekana, injini hudhoofika kidogo kidogo, hukohoa, huomba kufa kabla ya kufa. Cheche ikikosekana, mara nyingi hukatika ghafula kama taa iliyopulizwa. Kanuni hii si kamili, lakini imewaokoa wengi wasifungue mrija wa petroli bure, ilhali ubovu uko kwenye waya. Waya ule Bibi Bertha aliufunga kwa ukanda wa mpira uliokuwa ukishikilia soksi yake. Mumewe, alipoandika habari za maisha yake mwaka 1925, hakuona haya kuitaja safari hiyo.

Mnyororo uliozungusha magurudumu ukalegea, na katika mji wa Bruchsal walimtafuta mhunzi akautengeneza. Kisha vilima vikaanza. Motokaa ilikuwa na gia mbili tu, wala haikuwa na nguvu ya kupanda mteremko mkali. Walioweza kushuka walishuka wakasukuma, kwa jasho, katika jua la Agosti. Na kila kilima kilichopandwa kilikuwa na mteremko upande wa pili. Breki zilikuwa vipande vya mti vilivyobanwa juu ya gurudumu, navyo vililika upesi. Katika kijiji cha Bauschlott Bibi Bertha alimwendea mshona viatu, akamwagiza apigilie ngozi juu ya miti ile. Ngozi ikashika kuliko mti, na inapolika hubadilishwa kwa urahisi. Hivyo mshona viatu wa kijijini alifanya kazi ambayo viwanda vikubwa viliiendeleza baadaye.

Jua lilipotua walikuwa Pforzheim, wamejaa vumbi na mafuta. Bertha akampelekea mumewe simu ya maandishi kumwarifu kwamba wamefika salama. Carl alikuwa ameshinda siku nzima katika hofu ya mkewe, ya watoto wake, na bila shaka ya motokaa pia. Baada ya siku chache walirudi kwa njia nyingine iliyo fupi zaidi, nao wakafika Mannheim kwa nguvu ya injini ile ile.

Safari hiyo ilizaa matunda ya namna mbili. La kwanza, watu wa vijiji na miji waliona kwa macho yao mwanamke na vijana wawili wakipita bila farasi, na habari zikaenea. Katika Septemba ya mwaka ule motokaa ya Benz ilionyeshwa katika maonyesho ya mashine mjini Munich, ikapewa nishani ya dhahabu. La pili halikuonekana na watu, nalo pengine lilikuwa kubwa zaidi. Bibi Bertha alirudi na orodha ya makosa. Carl aliijua mashine kama mwenye kuiunda aijuavyo. Mkewe sasa aliijua kama mwenye kuachwa nayo njiani. Alisema kwamba gari halitoshi kwa vilima, nalo likatiwa gia nyingine ya kupandia. Mambo ya breki pia yalizingatiwa.

Wanunuzi walianza kupatikana, kwanza Ufaransa zaidi kuliko Ujerumani. Motokaa za magurudumu manne zikafuata, na kati yake ile ndogo iitwayo Velo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1894. Mwaka 1899 kampuni ilitengeneza magari 572, na hakuna kiwanda cha motokaa kilichoishinda duniani mwaka ule.

Kosa la mafuta kutofika halikuisha kwa kuwa viwanda vimekua. Lilibadilisha sura tu. Motokaa za Ford za namna ya T, zilizotengenezwa Marekani tangu 1908 hata 1927 na kuletwa Afrika, hazikuwa na pampu ya petroli. Tangi lilikuwa chini ya kiti, na petroli iliteremka yenyewe kwa uzito wake. Kwenye mteremko mkali, mafuta yakiwa machache, kabureta ilipanda juu kuliko tangi, na petroli haiwezi kupanda mlima bila kusukumwa. Basi dereva mwenye akili aligeuza gari akapanda kilima kinyumenyume. Aliyeiona mara ya kwanza alicheka, lakini gari lilifika.

Kosa jingine lilikuwa la kifuniko cha tangi. Kifuniko kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa mahali pa petroli inayotoka. Kitundu kikizibwa na matope, petroli hushindwa kutoka, kama maji yanavyokataa kutoka katika kibuyu kilichojazwa na kutobolewa tundu moja tu chini. Gari husimama, dereva hufungua kifuniko kutazama mafuta, na kwa kufungua tu hewa huingia, huwasha gari, nalo huenda. Baada ya mwendo husimama tena. Watu wamebadilisha pampu na mirija kwa gharama kubwa kwa ajili ya kitundu ambacho kijiti kingalikizibua. Na katika joto, kama la kupanda kutoka uwanda wa Kyela kwenda Tukuyu na mzigo mzito, petroli inaweza kuchemka ndani ya mrija na kuwa mvuke, na pampu isiyo na nguvu haiwezi kuvuta mvuke. Dawa yake ni kungoja, au kuufunga mrija kwa kitambaa kilichotiwa maji. Haya yote ni swali lile lile la Bibi Bertha: mafuta yanapita mpaka wapi?

Motokaa ilipoivuka Afrika mara ya kwanza kutoka bahari hata bahari, ilianza safari yake katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Afisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, akafika Swakopmund, kwenye pwani ya Bahari ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Petroli yake ilibidi kutangulizwa na kuwekwa akiba njiani, maana maduka ya dawa ya kuuza ligroini hayakuwako porini. Gari lake lilitoka katika kiwanda cha Gaggenau, mji wa Baden, nchi ile ile aliyozaliwa Bertha. Na mwaka 1910 kiwanda hicho kikaingia chini ya kampuni ya Benz.

Lakini wakati huo wenyewe walikuwa wamekwisha kutoka Mannheim. Carl hakupatana na wakuu wa kampuni, akaacha kazi yake ya kila siku mwaka 1903, na jamaa wakahamia mji mdogo wa Ladenburg, ambako alianzisha kiwanda kingine pamoja na wanawe. Mwaka 1926 kampuni ya Benz iliunganishwa na ile ya Daimler. Carl alifariki dunia nyumbani Ladenburg tarehe 4 Aprili 1929. Alikuwa amepewa heshima ya udaktari na chuo chake cha Karlsruhe tangu mwaka 1914, na katika kitabu chake alikiri kwamba siku merikebu ya maisha yao ilipokuwa karibu kuzama, mtu mmoja tu alibaki naye ndani yake, naye ni mkewe.

Bertha aliishi miaka kumi na mitano baada ya mumewe. Aliviona vita viwili vikubwa, na katika vita vya pili petroli ikawa adimu Ujerumani hata magari mengi ya raia yakaendeshwa kwa moshi wa kuni zilizochomwa katika pipa nyuma ya gari. Tarehe 3 Mei 1944 alitimiza miaka tisini na mitano. Siku hiyo chuo kile kile cha Karlsruhe, ambacho katika ujana wake asingaliweza kukisoma kwa kuwa ni mwanamke, kilimtangaza kuwa mmoja wa watu wake wa heshima. Siku mbili baadaye, tarehe 5 Mei, alifariki dunia katika nyumba yake ya Ladenburg, akazikwa katika mji huo kando ya mumewe.